Rilei Moja kwa Gari la Volti 12 na Gari la Volti 24

Fundi anayetengeneza kifaa cha kufungwa kwenye gari, kiwe ni king'ora cha wizi, kifaa cha kuzima injini au swichi ya taa za ziada, hawezi kukwepa swali la volti. Magari madogo mengi hutumia mfumo wa volti 12, malori na mabasi hutumia volti 24, na mwenye kifaa angependa kutengeneza bodi moja tu inayokubali kote kuwili. Sehemu kubwa ya saketi hailalamiki, kwa sababu maikrokontrola (chipu inayoendesha kifaa) na vihisi vyake hupata umeme kupitia regileta, yaani kituliza volti, na havijui betri iliyoko nje ni ya volti ngapi. Kinachogoma ni rilei, swichi ambayo koili yake ya waya hugeuka sumaku ikipewa umeme na kuvuta ulimi wa chuma unaofunga pointi. Koili yake imesokotwa kwa ajili ya volti moja, na ukiipa nusu ya volti hiyo hainasi, ukiipa mara mbili inaungua.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya rilei moja inase na kuachia ipasavyo kwenye mifumo yote miwili. Mifano yote inatumia rilei ya kawaida ya gari yenye koili ya volti 12, ile ya umbo la mchemraba yenye miguu iliyoandikwa 30, 85, 86 na 87, na wakati mwingine 87a. Ukiwa na rilei nyingine, badilisha tarakimu na uache hesabu zilivyo.

Fahamu kwanza volti halisi za gari

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kushika chuma cha kulehemu, nalo ni kuamini kwamba betri ya volti 12 hutoa volti 12. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kutulia hutoa takriban volti 12.6. Injini ikiwaka na alteneta ikichaji, mfumo hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.4. Stata ikipigwa, hasa asubuhi ya baridi au betri ikiwa imechoka, volti inaweza kushuka hadi 8 au hata 6 kwa muda mfupi. Mfumo wa volti 24 ni betri mbili za namna hiyo zilizounganishwa mfululizo, kwa hiyo zidisha kila tarakimu kwa mbili: takriban 25.2 ikiwa imetulia, hadi 28.8 ikichajiwa, na 15 au chini ya hapo wakati wa kupiga stata.

Ukiziweka tarakimu hizo pamoja, utaona kwamba kifaa cha kutumika kote kuwili kinapaswa kukubali volti zozote kuanzia 8 hadi 29, tena kwa saa nyingi mfululizo katika ncha ile ya juu. Juu ya hapo kuna vishindo vya ghafla. Kishindo kibaya kuliko vyote hutokea kichwa cha betri kinapochomoka wakati alteneta inachaji kwa nguvu. Alteneta haiwezi kupunguza nguvu yake papo hapo, na kwa sehemu ya sekunde inasukuma volti juu sana kwenye nyaya zote za gari. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16750-2 kinapimia vifaa kwa mapigo ya volti 79 hadi 101 kwa mfumo wa volti 12, na 151 hadi 202 kwa mfumo wa volti 24, ikiwa alteneta haina kinga ya ndani. Alteneta yenye kinga huzuia kishindo hicho kwenye takriban volti 35 kwa mfumo wa kwanza na 58 kwa mfumo wa pili. Koili ya rilei yenyewe haidhuriki kwa kishindo cha sehemu ya sekunde. Kinachokufa ni transista inayoiwasha.

Koili hunasa kwa mkondo

Chukua multimita, iweke kwenye omu, gusa miguu ya 85 na 86, ambayo ndiyo ya koili. Kwenye rilei nyingi za gari za volti 12 utasoma kati ya omu 80 na 100. Tuchukue 90. Kwa volti 12 mkondo ni miliampea 133 na joto linalozalishwa ni wati 1.6. Rilei ileile ikitengenezwa kwa volti 24, waya wake huwa mwembamba na wenye mizunguko mingi zaidi, ukinzani hufika karibu omu 360, mkondo hushuka hadi miliampea 67, lakini wati hubaki 1.6 zilezile. Sasa ifunge ile ya volti 12 kwenye lori linalochaji kwa volti 28: mkondo unafika miliampea 311 na joto linafika wati 8.7. Ganda la plastiki lisilopitisha hewa haliwezi kutoa joto hilo. Baada ya dakika chache utasikia harufu ya vanishi ya waya, na baadaye mizunguko inaanza kugusana.

Kinachouvuta ulimi wa chuma ni sumaku, na nguvu ya sumaku inatokana na mkondo ukizidishwa kwa idadi ya mizunguko ya waya. Volti ni njia tu ya kuufikisha mkondo huo. Kauli hii inaonekana kama somo la darasani, lakini ndiyo inayotenganisha saketi inayofanya kazi mezani na saketi inayofanya kazi chini ya boneti mchana wa jua. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Koili iliyosomeka omu 90 kwenye nyuzi 20 itasomeka kama omu 117 ikipanda hadi takriban nyuzi 97, na hilo ni jambo la kawaida kwa rilei iliyokaa imewashwa karibu na injini.

Rilei nyingi za aina hii hunasa kwa takriban asilimia 60 ya volti yake, yaani 7.2, ambayo kwa koili baridi ya omu 90 ni miliampea 80. Tarakimu ya kukumbuka ni hizo miliampea 80, kwa kuwa springi inayorudisha ulimi haijali joto la shaba. Koili ikifika omu 117, ili upate miliampea 80 unahitaji volti 9.4. Hapo ndipo lilipo fumbo linalowasumbua mafundi wengi: gari linawaka vizuri asubuhi, linazimwa baada ya safari ndefu, na linapowashwa tena rilei hainasi wakati stata inazunguka. Betri imeshuka hadi volti 8, koili bado ina moto, na mkondo haufiki. Rilei ambayo tayari ilikuwa imenasa isingeachia katika hali hiyohiyo, kwa sababu volti ya kuachia huwa ya chini sana, mara nyingi chini ya robo ya volti iliyoandikwa kwenye rilei. Kunasa upya ndiko kunakoshindikana.

Kwa hiyo lengo linaweza kuandikwa kwa sentensi moja kabla ya kuchagua njia yoyote: koili hii ipate zaidi ya miliampea 80 betri ikiwa imeshuka kabisa, na isizidi takriban miliampea 160 betri ikichajiwa kwa volti 28.8.

Njia ya rezista, na kwa nini inaishinda dayodi ya zena

Njia rahisi ni kuweka rezista mfululizo na koili kwa ajili ya gari la volti 24, na kuiruka kwa kipande cha waya au jampa kwenye gari la volti 12. Wengi huchagua rezista yenye ukinzani sawa na koili na kuishia hapo. Fanya hesabu ya ncha zote mbili kwanza. Ukiweka omu 100, mkondo kwenye volti 28.8 ni miliampea 152, jambo zuri, lakini volti zikishuka hadi 15 wakati wa stata unapata miliampea 79, yaani hata koili baridi haina uhakika wa kunasa. Ukiweka omu 82, unapata miliampea 167 juu na 87 chini. Umevuka kidogo kikomo cha juu, lakini koili inapopata moto mkondo wenyewe unashuka hadi karibu 145, kwa hiyo mimi ningechagua omu 82. Rezista hiyo itakuwa inachoma takriban wati 2.3, basi iwe ya wati 5, isimame milimita kadhaa juu ya bodi, na isiguse plastiki wala waya wowote.

Kuna anayesema kwamba dayodi ya zena ya volti 12 iliyowekwa mfululizo ni bora, kwa kuwa inapunguza volti 12 kamili bila kujali mkondo. Niliwahi kuifuata shauri hilo kwenye lori, na mezani ilifanya kazi bila dosari. Dereva alipopiga stata, rilei ilianza kugonga tikitikitiki kama kijiko kwenye sufuria. Sababu ni hesabu ya kutoa: zena hutoa 12 kila mara, hata pale ambapo hakuna cha kutoa. Volti 28.8 zikipunguzwa 12 zinabaki 16.8, ambazo tayari ni nyingi kwa koili. Volti 15 zikipunguzwa 12 zinabaki 3, ambazo haziwezi kunasa chochote. Rezista hugawa badala ya kutoa, na mgawanyo huo unafuata kupanda na kushuka kwa betri. Kwa kazi hii, zena iache.

Udhaifu wa njia ya rezista ni jampa. Mtu akisahau kuitoa kwenye lori, koili inaungua. Akisahau kuiweka kwenye gari dogo, rilei hainasi, au inanasa kwa kubahatisha. Ikiwa anayefunga kifaa ni wewe mwenyewe na unafunga magari machache, njia hii inatosha. Ikiwa vifaa vitasambazwa kwa mafundi usiowafahamu, chagua njia isiyohitaji mtu kukumbuka kitu.

Hapa niongeze onyo kuhusu njia ya mkato inayopendwa kwenye malori, ya kuchota volti 12 kutoka katikati ya betri mbili. Kila mkondo unaouchota pale unatoka kwenye betri moja tu, ile ya upande wa hasi, ilhali alteneta inachaji zote mbili kwa mfululizo na haiwezi kujua kwamba moja ina njaa. Betri ya chini haijai kamwe, ya juu inachajiwa kupita kiasi na kukausha maji yake, na baada ya miezi kadhaa zote mbili zinakufa kwa magonjwa tofauti. Miliampea 133 zinaonekana kidogo, lakini kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 3 kila siku kutoka betri moja.

Kizuia mkondo cha transista mbili

Kwa kuwa koili inahitaji mkondo, mpe mkondo. Saketi ifuatayo ina transista mbili za NPN na rezista mbili, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa rilei moja au mbili kwenye mifumo ya volti 12 na 24. Upande mmoja wa koili unaunganishwa na chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 1. Upande wa pili unaingia kwenye kolekta ya transista kubwa, kwa mfano BD139, ambayo huvumilia volti 80 (kolekta, bezi na emita ni miguu mitatu ya transista). Emita yake inashuka hadi hasi kupitia rezista ya omu 5.6. Transista ndogo inawekwa kama mlinzi: bezi yake inaungwa kwenye emita ya ile kubwa, kolekta yake kwenye bezi ya ile kubwa, na emita yake kwenye hasi. Amri ya kuwasha inatoka kwenye mguu wa maikrokontrola ya volti 5 kupitia rezista ya omu 470 hadi bezi ya transista kubwa.

Mkondo wa koili unapopita kwenye omu 5.6 huzalisha volti ndogo. Ukifika takriban miliampea 116, volti hiyo inakuwa 0.65, transista ndogo inaanza kufunguka, na inaiba mkondo wa bezi ya mwenzake. Kubwa inalegea, mkondo unatulia palepale. Betri ipande hadi 28.8 au ishuke hadi 13, koili inaendelea kupata miliampea zilezile; na koili ikipata moto, saketi inaongeza volti yenyewe ili mkondo usishuke, jambo ambalo regileta ya volti haiwezi kulifanya. Betri ikishuka chini zaidi, transista inafunguka kabisa na koili inapata karibu volti yote iliyopo, pungufu ya kiasi cha volti moja inayobaki kwenye transista na ile rezista.

Gharama yake ni joto. Kwenye volti 28.8, koili baridi inachukua volti 10.4 na rezista 0.65, na zile 17.7 zilizobaki zinakaa kwenye transista, ambayo kwa hiyo inachoma zaidi kidogo ya wati 2. Ifunge kwenye bati la kupozea. Usiiweke transista ndogo ikigusa bati hilohilo, kwa sababu volti yake ya kufunguka hushuka kwa milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ikipata moto wa nyuzi 50 zaidi, 0.65 inakuwa 0.55 na mkondo unatulia kwenye miliampea 98. Bado ni juu ya 80, lakini akiba imepungua. Kwenye mfumo wa volti 48 saketi hii haifai hata kidogo, kwa kuwa joto la transista lingevuka wati 5 kwa rilei moja.

Kishusha volti, na njia ya mapigo

Ikiwa kifaa kina rilei nyingi, au kinatakiwa kukubali pia betri za volti 48 na 60 za pikipiki na bajaji za umeme, joto linakuwa kubwa mno kwa njia zilizotangulia. Hapo tumia kibadilishi cha kushusha volti, kile kinachokata umeme vipandevipande na kuulainisha kwa koili na kapasita, na utumie rilei za volti 5 au 6. Usikubali kishawishi cha kushusha hadi 12 na kubaki na rilei za volti 12, maana kifaa cha kushusha hakipandishi, na betri ya gari dogo ikiwa na volti 8 rilei zitapata chini ya 8. Ukishusha hadi 5, koili inapata 5 kamili betri ikiwa na 8 au 28. Angalia kikomo cha volti za kuingia: LM2596 ya kawaida inaishia 40, yenye herufi HV inafika 60, na betri ya volti 60 inapojaa huvuka hapo, kwa hiyo inahitaji chipu ya kiwango cha juu zaidi. Kwenye bodi ndogo zinazouzwa tayari, soma pia volti iliyoandikwa kwenye kapasita ya kuingilia, kwani huenda ikawa dhaifu kuliko chipu yenyewe.

Regileta ya kawaida kama 7812 inafaa tu kwa rilei moja, ikiwa na bati la kupozea na kinga nzuri mbele yake. Kikomo chake cha kuingia ni volti 35, na kishindo cha alteneta ya lori hakitakiheshimu.

Njia ya mapigo inahitaji maikrokontrola, lakini haihitaji kitu kingine chochote kikubwa. Mosfeti, aina ya transista inayotumika kama swichi, inaiwasha koili moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nguvu zote kwa milisekunde 50 hadi 100 ili ulimi unase. Hata kwenye volti 28.8 muda huo mfupi hauletei koili ya volti 12 madhara yoyote. Baada ya hapo mosfeti inaanza kuwaka na kuzima kwa kasi ya takriban mara 20,000 kwa sekunde, juu ya kiwango ambacho sikio la mtu linasikia, na uwiano wa muda wa kuwaka unahesabiwa kutoka kwenye volti ya betri. Ukitaka koili ijione kama imepewa volti 9, gawanya 9 kwa volti ya betri: kwenye 14.4 inawaka asilimia 63 ya muda, kwenye 28.8 asilimia 31, na betri ikiwa na 9 au chini ya hapo inawaka muda wote. Kupima betri, tumia rezista za kilo-omu 100 na 10 kama kigawanyo, volti 28.8 itasomeka kama 2.62, na kigawanyo hicho kinafika takriban volti 36 kabla ya kuvuka 3.3, kikomo cha maikrokontrola inayotumia volti 3.3.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba programu haihitaji kuamua kama gari ni la volti 12 au 24. Nimeona programu zinazoamua hivyo mara moja kifaa kinapowashwa, na lori likiwashwa na betri dhaifu linaweza kusomeka kama gari dogo. Rudia kipimo kila baada ya milisekunde chache, badilisha uwiano, basi.

Vitabu vingi vinashauri kushusha nguvu ya kushikilia hadi theluthi ya ile ya kunasa, ili kuokoa umeme. Kwenye kabati lililotulia ukutani ni sawa. Kwenye gari linalopita njia mbovu, ulimi uliotikisika ukaachana na koili hautarudi, kwa kuwa nguvu iliyopo inatosha kushikilia tu. Ndiyo maana nimetumia 9, iliyo juu ya volti ya kunasa ya koili baridi. Rilei ikiwa mahali penye joto sana, panda hadi 10.

Dayodi ya koili

Mkondo wa koili ukikatwa ghafla, sumaku inayokufa huzalisha volti kubwa za kinyume zinazotoboa transista. Dayodi ya 1N4007 iliyowekwa sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, inazimaliza. Kwa njia ya mapigo 1N4007 ni ya polepole mno. Tumia UF4007 au dayodi ya Schottky ya volti 100.

Lakini dayodi peke yake inafanya sumaku ife polepole, ulimi unaachia kwa uvivu, na pointi zinazokata mkondo mkubwa zinapata muda wa kuyeyuka na kugandana. Kwa mzigo wa mota au taa kubwa, weka zena ya volti 24 mfululizo na dayodi hiyo, zikitazamana kinyume, na uchague transista inayovumilia betri pamoja na zena: 28.8 na 24 ni karibu 53, kwa hiyo BD139 inatosha na mosfeti iwe ya volti 100. Kwenye njia ya mapigo zena hairuhusiwi, kwa kuwa ingechoma nguvu kila pigo. Anayetumia njia ya rezista ana bahati ndogo isiyojulikana sana: akiunga dayodi sambamba na koili pamoja na rezista yake, badala ya koili peke yake, mkondo unaozunguka unapita pia kwenye rezista na sumaku inakufa karibu mara mbili haraka zaidi, bila kuongeza volti kwenye transista.

Angalia pia kama rilei yenyewe ina dayodi ndani. Mchoro mdogo ubavuni huonyesha. Rilei hiyo hutaka chanya kwenye 86 na hasi kwenye 85, na ukigeuza umepiga shoti.

Kwenye lango la umeme la kifaa kizima weka dayodi ya kinga ya SMCJ36A, ambayo haishtuki hadi volti 36 na hubana vishindo kwenye takriban 58, ikitanguliwa na fyuzi. Dayodi ya mfululizo upande wa chanya itakuokoa siku betri itakapofungwa kinyume.

Pointi nazo zina volti zake

Hadi hapa tumeitunza koili, na wengi huishia hapo. Pointi za rilei ya gari dogo zimeandikwa, tuseme, ampea 40 kwa volti 14. Tarakimu hiyo haihami na rilei kwenda kwenye lori. Kati ya pointi za fedha, cheche huhitaji takriban volti 12 ili iendelee kuwaka. Kwenye gari la volti 12 cheche huwa inapambana kuishi na hufa mapema. Kwenye volti 28 inajinyoosha, inadumu, na kula chuma. Kwa sababu hiyo rilei za volti 24 kwa kawaida huachwa na nafasi kubwa zaidi kati ya pointi, na ampea zilizoandikwa juu yake huwa chache, mara nyingi karibu nusu.

Basi, kabla ya kufurahia kwamba koili ya volti 12 inafanya kazi kwenye lori, soma karatasi ya kiwanda utafute ampea za pointi kwenye volti 28. Isipozitaja, chagua rilei nyingine. Kinachopunguza uzito ni kwamba mzigo wenye wati zilezile kwenye volti 24 huchukua nusu ya mkondo: taa ya wati 55 kwenye gari dogo huchukua ampea 4.6, na ya wati 70 kwenye lori huchukua 2.9. Kumbuka tu kwamba balbu baridi huvuta karibu mara 10 ya mkondo wake inapowashwa, na mota inayokatwa hurusha cheche kuliko balbu. Kwa volti 48 na kuendelea, tumia rilei iliyotajwa wazi kwa volti hizo. Nyingine zitaganda au kuungua pointi hata kama koili yake imeridhika kabisa.

Upimaji kabla ya kufunga

Unahitaji chanzo cha umeme kinachoweza kupandishwa taratibu kutoka 0 hadi 30, na multimita. Fundi atakayeruka hatua hii atapimia kwenye gari la mteja.

Panda polepole kuanzia 0 ukisikiliza. Andika volti ambayo rilei ilinasa, kisha shuka na uandike ilipoachia. Sasa weka 28.8 na uache kifaa kikiwa kimewaka kwa nusu saa ndani ya kasha lake lililofungwa, kama kitakavyokaa garini. Zima, chomoa koili haraka na upime omu zake kabla hazijapoa. Ikiwa ilikuwa 90 na sasa ni 117, imeongezeka asilimia 30. Gawanya kwa 0.39 na utajua kwamba shaba imepanda nyuzi 77 juu ya joto la chumba. Linganisha na joto la juu ambalo kiwanda kimeiruhusu koili, ukijumlisha joto la mahali kifaa kitakapokaa, kwa sababu chini ya boneti hakuna nyuzi 20.

Koili ikiwa bado ina moto, irudishe na utafute tena volti ya kunasa. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachofaa kulinganishwa na volti za wakati wa stata. Mwisho, ukiwa umeinasa rilei, teremsha umeme ghafla kutoka 28.8 hadi 15, kisha siku nyingine ya majaribio kutoka 14.4 hadi 8, na usikilize. Ukisikia mlio mmoja tu wakati wa kuwasha na mmoja wakati wa kuzima, funga kasha. Ukisikia tikitiki katikati, pima volti kwenye miguu 85 na 86 yenyewe wakati huohuo kabla ya kubadilisha kitu chochote, maana mara nyingi volti zinapotelea kwenye waya mwembamba wa hasi au kwenye skurubu iliyopakwa rangi ya bodi ya gari.